UKURASA WA MWALIMU: Paka akihema vibaya, tutajuaje?

Asanteni kwa wote waliorudisha majibu ya zoezi la mwezi uliopita. Majibu yalikuwa mengi na mengine yalichekesha, nitayarudisha darasani.

Mwezi huu swali limetoka kwa familia zetu zinazokaa mjini, Kimironko. Wengi wenu mnapajua: lile soko kubwa la Kigali lenye sambaza, maharage, vitenge na mafundi wa kushona, na gare ya mabasi iko hapo kando. Mama mmoja mshonaji anayekaa karibu na soko alituma ujumbe hivi: "Mwalimu, paka wetu anahema mpaka tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu. Anainama chini, ananyoosha shingo, anakohoa. Jirani mmoja anasema amelogwa, mwingine anasema ni nywele tu kooni. Watoto wanalia. Nifanye nini?"

Nikauliza na hapa kambini. Kumbe watu wanne walikuwa na swali kama hilo, na wawili paka wao walishakufa bila kujua ni nini. Basi tuongee. Mimi si veterineri, nimemaliza sekondari tu kwa upande wa biolojia na kemia. Haya nimeyauliza kwa wenye kazi yao na nimeyasoma, nawaletea kwa lugha yetu.

Kwa nini paka?

Kuna mzee atasema: sisi wenyewe tunahangaika, msaada wa chakula umepunguzwa, halafu mwalimu anatuletea habari ya paka! Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sikiliza kidogo.

Paka wa kwetu si wa kupambia nyumba. Ni mfanyakazi. Unanunua mahindi na maharage ya mwezi mzima, unaweka ndani ya gunia, panya wanakuja usiku. Wanakula, wanakojolea, wanatoboa gunia, wanakata na madaftari ya watoto. Paka mmoja mzuri anaokoa kilo nyingi. Wafanyabiashara wa nafaka wanajua hilo, ndiyo maana wengi wanafuga paka.

Tena kuna sababu ya pili, na hii ndiyo kubwa. Hewa anayovuta paka wako ndiyo hiyo hiyo anavuta mtoto wako. Nyumba ni chumba kimoja au viwili, jiko liko mlangoni, wote mnalala humo. Paka akianza kupata shida ya pumzi, mara nyingine anakuonyesha kitu kilicho ndani ya nyumba ambacho kitamfikia na mtoto. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, hata kama huna paka.

Kupumua kwa kawaida kukoje?

Paka mwenye afya, akiwa ametulia au amelala, anapumua kwa mdomo uliofungwa. Huwezi kusikia kitu. Kifua kinapanda kidogo na kushuka kidogo, polepole, bila nguvu. Tumbo halichezi sana. Ukimwangalia haraka haraka utafikiri hapumui.

Mbwa yeye anatoa ulimi nje na kuhema ili apoe, hiyo ni kawaida yake. Paka si mbwa. Ukimwona paka amefungua mdomo na anahema kama mbwa, hilo ni jambo la haraka. Inaweza kutokea kidogo kama amekimbizwa na mbwa, au amefungiwa mahali pa joto, au ameogopa sana safarini. Lakini akipumzishwa kivulini, ndani ya dakika chache lazima afunge mdomo na kutulia. Kama hatulii, usingoje kesho.

Usichanganye na ile sauti ya "krrrr" anayotoa akishikwa vizuri. Ile inasikika akivuta hewa na akitoa, na ukiweka mkono kifuani unasikia inatetemeka. Lakini mjue pia kwamba paka anaweza kutoa sauti hiyo hata akiwa na maumivu. Kwa hiyo usiseme "anaimba, basi ni mzima." Angalia kifua.

Hesabu ya pumzi

Hapa ndipo nawapenda wanafunzi wangu, manake ni hesabu rahisi. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi MOJA. Si mbili.

Fanya hivi:
1. Ngoja paka alale au atulie kabisa. Usihesabu akiwa amekimbia, anacheza, au anatoa ile "krrrr".
2. Usimshike. Kaa mbali kidogo, angalia ubavu wake.
3. Mmoja ashike saa au telefone, mwingine ahesabu. Hesabu nusu dakika, yani sekunde 30.
4. Zidisha mara 2.

Mfano wa kwanza: umehesabu 12. 12 × 2 = 24. Ni sawa. Paka aliyetulia anapumua mara 15 mpaka 30 kwa dakika.

Mfano wa pili: umehesabu 18. 18 × 2 = 36. Imezidi 30. Ngoja saa moja, hesabu tena akiwa amelala. Kama kila mara inazidi 30, kuna kitu, mtafute veterineri hata kama anakula.

Mfano wa tatu: umehesabu 23. 23 × 2 = 46. Paka amelala na bado anapumua zaidi ya mara 40. Huyu apelekwe siku hiyo hiyo.

Ni vizuri kuhesabu sasa akiwa mzima na kuandika mahali, nyuma ya mlango au ndani ya daftari. Siku akiugua utakuwa na namba ya kulinganisha. Na veterineri akikuuliza "anapumua mara ngapi?" hutasema "nyingi nyingi", utasema namba.

Dalili za kuangalia

Paka ana tabia ya kuficha ugonjwa. Hatakuja kukulilia. Ataingia chini ya kitanda na kukaa kimya, na siku utakayomwona vibaya ugonjwa umeshaenda mbali. Kwa hiyo jifunzeni dalili ndogo.

Dalili za mwanzo: anajificha, hachezi, akikimbia kidogo tu anachoka, halii vizuri (sauti imebadilika), hali chakula kama zamani, anapiga chafya, macho na pua vinatoka maji, anakohoa.

Dalili za hatari, usingoje hata saa moja:
- mdomo wazi, anahema;
- shingo ameinyoosha mbele, viwiko vya miguu ya mbele vimefunguka nje, hataki kulala ubavu, anakaa tu ameinama akitafuta hewa;
- tumbo linasukuma kwa nguvu kila pumzi, matundu ya pua yanafunguka;
- sauti ya filimbi au ya kukoroma akiwa macho;
- ufizi au ulimi umekuwa wa bluu, kijivu, kahawia au mweupe kama karatasi;
- anaanguka, hawezi kusimama.

Ufizi ni rahisi kuangalia. Inua mdomo wa juu kidogo kwa kidole. Ufizi mzuri ni wa pinki. Paka wengine wana ufizi mweusi kwa asili, huyo angalia ulimi. Lakini kama anahangaika na kutaka kuuma, muache, usimlazimishe.

Sababu tunazokutana nazo

Sababu ni nyingi, nitataja zile zinazotokea katika nyumba zetu.

Mafua ya paka. Hii ni ya kwanza, hasa kwa paka wadogo. Inaletwa na virusi, na inaambukiza paka kwa paka haraka sana. Chafya, pua imeziba, macho yana uchafu, mara nyingine vidonda mdomoni. Mafua hayo ya virusi si yetu sisi watu, hatuambukizwi. Kirusi kimoja kikiingia kinabaki mwilini maisha yote, na kinaamka paka akipata shida: kuhamishwa nyumba, kuzaa, kuletewa paka mwingine. Shida kubwa ni kwamba paka asiyesikia harufu hali, na paka asipokula siku mbili au zaidi ini lake linaweza kuharibika. Mpanguse pua kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, mpe chakula kilichopashwa kidogo chenye harufu kali. Sambaza wanafaa sana. Mtenge na paka wengine. Chanjo ya mafua ipo, na ya kichaa cha mbwa ipo, muulize veterineri.

Pumu. Ndiyo, paka naye anapata pumu kama mtu. Njia za hewa zinavimba na kubana. Anainama karibu na ardhi, ananyoosha shingo, anakohoa, halafu hakuna kitu kinachotoka. Hapo ndipo watu wanasema "ni nywele". Tofauti ni hii: mwenye nywele tumboni anasukuma, mwisho anatapika kitu, kimekwisha. Anayekohoa mara kwa mara bila kutoa kitu, hizo si nywele tu. Moshi wa jiko, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma na vumbi vinaizidisha. Na sasa tunaingia impeshyi, miezi ya jua kuanzia wa 6 mpaka wa 8, vumbi litakuwa jingi kila mahali. Yule mama wa Kimironko alimpeleka paka wake kwa veterineri na jibu lilikuwa hili: pumu. Jiko lilikuwa linawashwa ndani, na sehemu ya kulala ya paka ilikuwa nyuma ya jiko. Hakuna mchawi hapo.

Sumu ya panya. Hii inaua paka wengi. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda. Paka si lazima ale sumu yenyewe, anaweza kula panya aliyekula sumu. Siku ile haonyeshi kitu. Baada ya siku 2 mpaka 5 ndipo damu inavuja ndani, mara nyingine ndani ya mapafu. Anahema, ufizi unakuwa mweupe, amelegea. Dawa yake ipo, veterineri anatumia vitamini K, lakini lazima awahi. Kwa hiyo chagua: ukifuga paka, usiweke sumu. Na mwombe jirani akuambie kabla ya kuweka yake. Tena sumu hiyo ni hatari kwa mtoto anayetambaa.

Dawa za mifugo na mashamba. Watu wanachukua dawa ya kuua wadudu wa mimea au kupe wa ng'ombe, wanampaka paka ili viroboto vife. Viroboto vinakufa na paka naye anakufa. Anatoka mate mengi, anatetemeka, mapafu yanajaa majimaji. Dawa ya mbwa pia isiwekwe kwa paka bila kuuliza, nyingine ni sumu kwake.

Dawa za watu. Hapa naomba mnisikie vizuri. PARASETAMOLI USIMPE PAKA. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mwili wa paka hauwezi kuivunja kama mwili wetu. Damu inabadilika na kushindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba, anahema mpaka mwisho. Mtu anampa kwa huruma, kumbe anamaliza.

Uzi, sindano na miiba. Hii ni kwa ba mama na ba kaka washonaji. Paka anapenda kucheza na uzi, na akianza kuumeza hawezi kuutema, manake ulimi wake una miiba midogo inayorudisha kila kitu nyuma. Uzi ukiwa na sindano, sindano inakwama kooni. Mfupa wa samaki au wa kuku pia. Atajikuna mdomo kwa mguu, atatoka mate, atafanya kama anataka kutapika. Usivute uzi unaoonekana mdomoni, unaweza kukata koo au utumbo. Mpeleke hivyo hivyo. Na kila jioni fagia vipande vya uzi, hesabu na sindano zako.

Ajali na kuumwa. Paka aliyegongwa na pikipiki anaweza kusimama na kukimbia kana kwamba ni mzima. Ndani, mapafu yamebanwa au ule ukuta unaotenganisha kifua na tumbo umepasuka. Mwangalie pumzi kwa siku kadhaa. Waliopigana nao, meno ya paka mwenzake yanaingiza uchafu, baadaye usaha unaweza kujaa kifuani.

Minyoo ya mapafu. Ipo minyoo inayokaa ndani ya mapafu ya paka. Inapitia konokono, halafu panya, ndege na mijusi wanaokula hao konokono, halafu paka anawala wote. Anakohoa na kukonda. Dawa ipo, lakini si kila dawa ya minyoo inafaa, muulize veterineri.

Makaa na nyumba iliyofungwa

Ba mama na ba baba, sehemu hii si ya paka peke yake.

Usiku wa impeshyi kuna baridi, hasa milimani. Watu wanaingiza jiko la makaa ndani, wanafunga mlango na dirisha, wengine wanaziba na mianya kwa shitingi au nguo. Makaa yanayowaka yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu. Haina rangi. Hata kama makaa hayatoi moshi na yamekuwa mekundu mazuri, hewa hiyo inatoka. Inaingia ndani ya damu mahali pa hewa nzuri, mtu anapata kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito, na haamki.

Ukiona paka analewalewa, hataki kuamka, anahema vibaya, na wewe au mtoto kichwa kinawauma, usianze kumchunguza paka. Toeni watoto nje kwanza, wote, fungueni mlango na dirisha, jiko litoke. Ita majirani. Hapa Rwanda namba ya gari la wagonjwa ni 912, haraka. Hata mtu akionekana amepata nafuu baada ya kutoka nje, apelekwe kituo cha afya.

Dawa yake ni moja: jiko lipikie nje au mahali penye hewa, na halilali ndani. Hata kama mvua inanyesha. Blanketi mbili kuukuu ni bora kuliko jiko moja ndani.

Paka akibanwa, fanya hivi

1. Tulieni. Watoto watoke, redio izimwe. Paka mwenye shida ya pumzi akiogopa anatumia hewa nyingi zaidi.
2. Mtoe kwenye moshi, mpeleke penye hewa na kivuli.
3. Muache akae anavyotaka. Usimlaze kwa nguvu, usimgeuze mgongo chini, usimbane kifuani.
4. Angalia na uandike: ilianza saa ngapi, pumzi ngapi, ufizi rangi gani, alikula nini.
5. Tafuta veterineri. Kila umurenge una veterineri wake, hata Kimironko. Wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, lakini muone, atakusaidia au atakuelekeza. Mjini Kigali wapo na wale wa binafsi wanaotibu paka na mbwa. Piga simu kwanza uulize bei, uwaambie kwamba pumzi ndiyo shida.

Na haya usiyafanye:
- Usimmiminie maziwa, mafuta ya kula, maji ya chumvi au yai mdomoni. Najua wazee wetu walifanya hivyo kwa sumu. Lakini paka anayehema hawezi kumeza vizuri, kitaingia mapafuni na kumzamisha.
- Usimpe antibiotiki zilizobaki za mtoto. Dozi si yake, na mtoto anaweza kuzihitaji.
- Usimfunge ndani ya gunia au kitu kisichopitisha hewa.

Kumsafirisha: chukua katoni ngumu au kikapu chenye kifuniko, toboa matundu mengi pembeni kabla ya kumuingiza, weka kitambaa chini, funga kwa kamba. Kama ni kwa basi, ongea vizuri na dereva mapema.

Jambo moja la usalama wetu. Paka mwenye maumivu anauma na kukwaruza hata mwenye nyumba. Mshike kwa taulo. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, manake kichaa cha mbwa kinapitia na paka pia. Usipuuze kwa sababu kidonda ni kidogo.

Hesabu hiyo hiyo kwa mtoto

Nilisema ni vizuri kusoma hata kama huna paka. Ile hesabu ya pumzi tunaweza kuitumia kwa mtoto mwenye kikohozi. Wauguzi wanafanya hivyo. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Inua nguo uone tumbo na kifua, hesabu DAKIKA NZIMA. Pumzi ni za haraka kupita kiasi kama zinafika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5.

Mtoto anayekohoa na kufika namba hizo anaweza kuwa na nimonia. Na kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani akivuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, au mdomo umekuwa bluu, mpeleke sasa hivi, hata usiku, hata bila kuhesabu. Namba za paka usizitumie kwa mtoto, na za mtoto usizitumie kwa paka. Ziandikeni tofauti.

Maswali yenu

"Mtoto wangu ana pumu na paka ana pumu. Nani alimuambukiza mwenzake?" Hakuna. Pumu haiambukizi. Ila watoto wengine miili yao haipendi mate na magamba madogo ya ngozi ya paka, wanabanwa wakimkaribia. Kama mtoto anabanwa kila akilala na paka, paka asilale kitandani, na blanketi lifuliwe mara kwa mara. Ikiendelea, ongea na muuguzi. Mtoto ni wa kwanza, paka anaweza kutafutiwa nyumba nyingine. Na moshi unawaumiza wote wawili, anza na jiko.

"Naweza kumpa paka ile pampu ya pumu ya mtoto?" Hapana. Veterineri wengine wanatumia dawa za kuvuta kwa paka, lakini kwa kifaa chake na kipimo chake. Na pampu ya mtoto ikiisha usiku kwa sababu ya paka, utafanya nini?

"Sina faranga za veterineri." Hili ni swali la kweli, wala silifichi. Fanya yale yasiyo na bei: ondoa moshi, ondoa sumu, mpe maji na chakula chenye harufu, muweke pakavu. Mwone veterineri wa umurenge umuulize, kuuliza si aibu. Familia tatu mnaotumia paka mmoja kwa panya, changeni. Na kama veterineri anasema hataweza kupona, muulize namna ya kummaliza bila maumivu. Kumuacha ahangaike siku tatu chini ya kitanda, watoto wakisikia, si huruma.

Zoezi la mwezi huu

Kwa wanafunzi wote, wa kambini na wa Kimironko. Chagueni paka mmoja, wenu au wa jirani (ombeni ruhusa). Mhesabuni pumzi akiwa amelala, siku tatu tofauti. Andikeni jedwali: siku, saa, pumzi kwa nusu dakika, pumzi kwa dakika. Chini mwandike sentensi mbili: jiko la nyumbani kwenu linakaa wapi usiku, na mmeamua nini pamoja na wazazi. Wasio na paka wafanye sentensi hizo mbili tu, zina alama nyingi kuliko jedwali.

Leteni kabla ya tarehe 20. Wa Kimironko mnaweza kutuma kwa simu kama kawaida.

Kaeni salama, na milango iwe na hewa.

Mwalimu wenu wa kujitolea